Pindo la Pazia la Tisa

12 Januari

Mpendwa Mwandishi wa Mawasiliano,

Nimekuandikia barua pepe nne bila kupata jibu, kwa hiyo natumia posta, kwa anwani uliyoijaza kwenye fomu: duka la kushona, mlango wa kijani, mkabala na duka la dawa. Natumaini itafika.

Makala yako juu ya mikunjo ya pazia linaloning'inia imekubaliwa na wahakiki wetu wote wawili. Zaidi ya hapo, bodi ya wahariri imeichagua iwe miongoni mwa makala tatu zitakazomulikwa katika toleo la Aprili. Kama ujuavyo, jarida la chama chetu cha fizikia hupokea makala zaidi ya mia kwa kila toleo. Huchapisha ishirini hivi, na humulika tatu tu.

Kuna mambo yamebaki. Nahitaji muhtasari usiozidi maneno mia na hamsini, kwa lugha ambayo asiye mwanafizikia ataielewa. Kwenye shukrani umeandika "Namshukuru Fundi" basi, ukaishia hapo. Jarida halikubali lakabu, kwa hiyo tafadhali taja jina kamili au uhusiano wenu. Na lililo kubwa zaidi ni ile nyota. Katika jedwali lako pazia la tisa lina nyota, na chini umeandika tu "tazama daftari". Mapazia kumi na moja yanafuata kanuni yako, hilo moja linakwenda njia yake. Mhakiki wa pili anataka sababu iandikwe waziwazi. Bila sababu hiyo makala haiwezi kutoka.

Majibu yanifikie kabla ya tarehe 10 Februari.

Wako katika kazi,
Mhariri, Kurasa za Makala Zilizomulikwa


23 Januari

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi. Barua yako imefika. Mimi ndiye mwenye duka lenye mlango wa kijani. Mwenyewe uliyemwandikia hayupo kwa sasa. Nimeifungua mimi kwa sababu bahasha ilikuwa imelowa pembeni, nikaogopa maandishi yasije yakafutika. Unisamehe.

Naomba kuuliza. Hapo unaposema makala yake itamulikwa, ana kosa gani? Ujanani mwangu mwenye kumulika alikuwa mlinzi wa stoo na tochi yake, na ukimulikwa ujue umeshikwa. Tangu niisome barua yako sijatulia, nimekata kola mbili upande usio wake.

Pia silijui hili neno, mwandishi wa mawasiliano. Ni cheo?

Daftari lipo juu ya kabati, palepale alipoliacha. Barua yako nimemwekea.

Wako,
Fundi


30 Januari

Ndugu Fundi,

Asante kwa kujibu. Nimecheka peke yangu ofisini, na huku kwetu hilo halitokei kila wiki. Kumulikwa kwetu ni heshima. Makala za fizikia husomwa na watu wachache, na kila mmoja husoma za kona yake. Kwa hiyo katika kila toleo tunachukua tatu ambazo tunaona hata mtu wa nje angezifurahia, tunaziweka kurasa za mbele, tunazieleza kwa lugha nyepesi. Hakuna aliyeshikwa.

Mwandishi wa mawasiliano si cheo. Makala ikiandikwa na watu watano, mmoja huchaguliwa awe wa kujibu barua. Ikiandikwa na mtu mmoja, ni huyohuyo. Kazi yake ni moja tu: akiulizwa, ajibu.

Na mimi ni mwanamke. Usihangaike, hata wenye shahada tatu hunikosea.

Je, wewe ndiye Fundi anayeshukuriwa? Na mwandishi amesafiri? Anarudi lini? Ukiwa na namba yake ya simu nitumie. Nimesogeza siku hadi tarehe 15 Februari. Zaidi ya hapo sina uwezo.

Mhariri


7 Februari

Mama Mhariri,

Nisamehe kwa ule ubwana.

Ndiyo, Fundi ni mimi. Ni binti yangu. Ameniita hivyo tangu aanze kusema, kwa kuwa wateja wote waliniita hivyo na yeye hakuona sababu ya kuniita tofauti. Kundi la watu likiingia dukani linasema "Fundi", na chini ya meza sauti ndogo nayo inasema "Fundi". Yeye mtaani walimpa jina la Bi Kwanini. Siku moja jirani alikuja na suruali inayombana akanung'unika kwamba nimeikata ndogo. Yule mtoto, miaka mitano, akatoa kichwa chini ya meza: "Shikamoo. Kwa nini unanenepa?" Jirani alicheka mpaka akasahau suruali yake kwenye kiti.

Alipo hakuna simu. Siku ya kurudi siwezi kuitaja. Mapazia yake kumi na mawili bado yananing'inia chumba cha nyuma, na chumba chenyewe kina dirisha moja.

Nakuomba umwekee nafasi yake.

Fundi


19 Februari

Ndugu Fundi,

Nitasema wazi ili tusipotezeane muda. Hakuna mahali pasipo na simu siku hizi kwa mtu anayetaka kupatikana. Makala hii ilitumwa Oktoba. Wahakiki wawili wameacha kazi zao kuisoma bila malipo, nami nimeitetea mbele ya bodi mara mbili. Mwandishi ambaye anaomba achapishwe kisha hajali hata kujibu ananiweka mahali pagumu. Bodi imekaa jana. Nafasi yake imepewa makala ya sumaku.

Ikiwa anaijali kazi yake, mwambie ajibu mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya pazia la tisa.

Mhariri


27 Februari

Mama Mhariri,

Usimkasirikie. Ukasirike na mimi.

Binti yangu alifariki tarehe 9 Novemba. Barua yako ilipofika alikuwa na miezi miwili kaburini. Sikukuambia, na nitakueleza kwa nini, ingawa si sababu ya mtu mzima. Watu wote hapa walikuwa wamekwisha kuanza kusema "alikuwa". Alikuwa mcheshi, alikuwa na akili, alikuwa anapenda hiki. Barua yako ikaja ikasema "umekubaliwa", ikasema "utaandika". Wewe peke yako duniani ndiye uliyekuwa bado unasema naye. Nikaona nikikuambia, nawe utaanza kusema "alikuwa".

Ni moyo. Alizaliwa nao. Alikuwa akifundisha chuoni, daktari wa chuo akamwambia arudi nyumbani apumzike mwaka mzima, asipande hata ngazi. Nikampangia chumba cha nyuma ya duka. Mama yake alishatangulia siku nyingi, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na cherehani upande huu, yeye na dari upande ule. Wiki ya pili akaniita:

"Fundi, hebu njoo. Hesabu marinda ya hilo pazia, huko juu."

Nikahesabu. "Arobaini."

"Na chini?"

"Matano."

"Haya niambie. Yale thelathini na matano yamekwenda wapi?"

Miaka thelathini nashona mapazia, sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia, "Yamechoka, yamekaa chini." Akasema, "Fundi, hilo siwezi kuandika kwenye jarida." Lakini alikwisha kukaa kitako kitandani, na nilikuwa na wiki mbili sijamwona amekaa.

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza. Mapazia yote nilishona mimi. Kuhesabu alihesabu yeye, kwa kamba na rula. Barua ya kuwatumia ninyi aliiandika Oktoba, nikaipeleka mwenyewe kwa kijana wa kompyuta pale kona akaituma.

Kwa mkono wake hawezi tena kujibu. Kama nafasi imekwenda, imekwenda. Nilitaka tu usidhani kwamba hakujali.

Fundi


6 Machi

Baba,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa. Ile barua yangu ya tarehe 19 naomba uichane. Nakala yake iko kwenye faili la ofisi, na hiyo nimeichana mimi.

Mume wangu alipofariki, benki waliendelea kumwandikia miezi saba. Sikuwaambia. Nilikuwa nazipanga barua zake mezani.

Sasa tufanye kazi. Nafasi nimeirudisha. Yule wa sumaku atangoja toleo la Julai, ni kijana, ana muda. Kanuni zetu zinaruhusu kuchapisha kazi ya marehemu. Kando ya jina lake huwekwa alama ndogo, kama kisu, na chini ya ukurasa husemwa kwamba amefariki. Ila makala haiwezi kutoka bila mwandishi wa mawasiliano. Lazima awepo mtu wa kujibu. Ndugu wa karibu anaruhusiwa. Je, utakubali?

Ukikubali, swali la kwanza utakaloulizwa ni lilelile. Ile nyota. Tafadhali fungua daftari, uone aliandika nini juu ya pazia la tisa. Mtambo wa kuchapa unaanza tarehe 2 Aprili.

Naandika haya dirishani. Dirisha langu linatazama ukuta. Nilipohamia nilibandika gazeti kuzuia jua, nikasema ni kwa muda tu. Ni mwaka wa tatu, nimekwisha kuusoma ukurasa wote wa michezo.

Mhariri


12 Machi

Mama Mhariri,

Nimekubali. Kama kazi ni kujibu tu ukiulizwa, nimeifanya maisha yangu yote.

Hiyo alama ya kisu nimeichora kwenye karatasi nikaitazama. Kwangu inafanana na pini, ile tunayochoma kwenye kitambaa kisisogee. Basi na iwekwe.

Ila daftari sijalifungua. Sasa nitakuambia neno ambalo sijamwambia mtu, na ukishalisoma huenda hutaniita baba tena.

Pazia la tisa nililiharibu mimi.

Kitambaa chake kilikuwa chepesi sana, kile cha kuonyesha mwanga. Nikakitundika, kikapeperuka, kikakunja pembe kama sikio la mbuzi. Yeye akasema, "Liache hivyohivyo, Fundi, ndivyo nilivyotaka." Lakini mimi sikuweza. Mama, hakuna pazia lililotoka mkononi mwangu limepinda. Siku hiyo alipokwenda kliniki nililishusha, nikatia risasi nne ndani ya pindo, nikashona, nikatundika. Likatulia vizuri, likawa zuri kuliko yote. Nikaona nimemsaidia.

Toka hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Alihesabu lile pazia mara tatu, mara nne. Namsikia ng'ambo ya ukuta: "Kwa nini? Kwa nini wewe tu?" Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Kila siku nasema leo nitamwambia. Nikiona anacheka nasema nisimharibie siku, nikiona amechoka nasema nisimwongezee. Mwishowe siku zikaisha.

Hiyo nyota ni yangu. Naogopa kufungua daftari nikakuta kurasa nzima anajitesa, na kumbe jibu lilikuwa kwenye kiti cha pili, linashona vifungo.

Fundi


18 Machi

Baba,

Kwanza nikutulize kwa kisa. Barua yako ilipofika, mpangaji wetu wa kurasa alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma begani kwangu, tabia yake ya siku zote. Akashtuka: "Mama! Huyu mzee alilipiga pazia risasi nne?" Ikabidi nimweleze kwamba kuna risasi ya bunduki na kuna risasi ya madini, ile laini nzito. Akasema, "Ah. Nilishaanza kumheshimu."

Sasa lile zito. Baba, kama usingeniambia, ningeandika sentensi moja ya kuifunika nyota ile na mambo yangekwisha. Lakini umeniambia, nami nisingependa kuwa mtu wa kunyamaza. Nimeipeleka kwa bodi. Jibu lao ni hili: ikiwa mwandishi hakujua kwamba pazia lina uzito, basi hakupima alichodhani anapima, na makala itabidi irudishwe. Haitatoka Aprili wala Julai. Ikiwa alijua, na kuna ushahidi kwamba alijua, ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili magumu, kama mhariri na si kama rafiki. Fumua pindo la pazia la tisa, upime hizo risasi kwa mizani ya kuaminika. Kisha fungua daftari.

Najua unachoogopa. Mimi mpaka leo sijafungua droo moja ya nyumbani kwangu. Lakini mimi sikukubali kuwa mwandishi wa mawasiliano wa mtu.

Mhariri


24 Machi

Mama Mhariri,

Barua hii naituma kwa haraka, mtu wa posta amekubali kuningoja nje, anakunywa chai yangu.

Jana asubuhi niliingia chumba cha nyuma na mkasi mdogo wa kufumulia. Sikuwa nimeligusa pazia lolote tangu Novemba. Nikashusha la tisa, nikaligeuza pindo, nikaweka miwani. Nikaweka mkasi chini.

Si mishono yangu.

Mimi nashona pindo kwa mkono wa kulia, mishono mifupi, inalala upande mmoja. Hii ilikuwa mirefu, imepanda na kushuka, na mwanzoni uzi umefungwa vifundo vitatu. Nilimfundisha kushona akiwa na miaka tisa. Nikamwambia kifundo kimoja kinatosha. Akasema, "Na kikifunguka?" Akawa anafunga vitatu, mpaka chuo kikuu anafunga vitatu.

Alilifumua, Mama. Alilifumua akalishona tena, na mimi fundi mzima napita mbele yake kila siku na sahani ya chakula sikuona.

Ndipo nikapanda kwenye kiti nikalishusha daftari. Nakunakilia kama lilivyo, sijaongeza nukta:

"Pazia 9. Linakataa. Nimehesabu mara nne. Marinda yanachelewa kuungana, kama kuna mtu anayavuta kwa chini.

"Kuna mtu anayavuta kwa chini! Nimepapasa pindo. Fundi hawezi kuona pazia limepinda akanyamaza. Ametoka kwenda kununua uzi, nimefumua. Risasi nne. Nimepima kwa mizani ya duka la dawa: gramu 30, 31, 30, 32. Nimeingiza uzito huo kwenye kanuni, na hesabu imekuja ileile, ukunjo kwa ukunjo. Nisingefikiria kuweka uzito kamwe. Hili ndilo pazia zuri kuliko yote.

"Nimeshona tena, vibaya. Akigundua nitakiri. Anajikaza hasemi, anakanyaga cherehani kama anakimbizwa. Asiambiwe. Nitamwambia siku jarida likitoka, tucheke wote."

Basi. Ndivyo alivyoandika.

Nilimwita muuza dawa, akaja na mizani. Vifundo vyake vitatu sikuvikata, niliingilia upande wa pili. Tukapima: 30, 31, 30, 32. Muuza dawa ametia sahihi chini ya barua hii. Amesema anamkumbuka alivyokuja na vile vipande kwenye kitambaa cha mkononi, akamwambia, "Usimwambie Fundi." Na yeye hakuniambia. Mwaka mzima mtaa ulikuwa unanificha.

Muhtasari nimeuandika mimi, kwa kuwa lugha nyepesi ndiyo pekee ninayoijua:

"Pazia likitundikwa, juu huwa na marinda mengi madogo, na chini huwa na machache makubwa. Mwandishi aliuliza yale mengine yanakwenda wapi. Akatundika mapazia kumi na mawili ya vitambaa vizito na vyepesi, akahesabu kila shubiri kutoka juu hadi chini. Akaona kwamba hayapotei. Mawili yakikutana yanakuwa moja, na hilo linakutana na jingine, hivyo hivyo mpaka sakafuni. Kitambaa kigumu huunganisha mapema, na laini huchelewa. Pazia la tisa lilitiwa uzito kwenye pindo na mtu aliyetaka lipendeze, bila kusema. Uzito ule ukachelewesha marinda kuungana, kwa kadiri ileile ambayo kanuni ya mwandishi ingesema. Kwa hiyo pazia lililoharibiwa ndilo lililothibitisha kazi yote."

Nimehesabu maneno, hayazidi.

Kwenye shukrani, sijui niandike nini. Jina langu kamili hakuwahi kulitumia. Ukiandika "baba", ni kweli, lakini si yeye anayesema.

Nikuulize na mimi, maana mawasiliano ni ya pande mbili. Dirisha lako lina upana gani?

Fundi


16 Aprili

Baba,

Nakutumia jarida. Lako ni nakala ya kwanza kutoka mtamboni, wino bado unanuka. Makala ya binti yako iko ukurasa wa tatu, na muhtasari wako uko juu yake. Sikugusa neno. Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza kama "shubiri" ni kipimo cha kisayansi. Nikamwambia anyooshe mkono wake, ataona.

Nyota imebaki, na chini yake sasa kuna sababu yake. Mhakiki wa pili, ambaye kwa kanuni siruhusiwi kukuambia ni nani, alirudisha karatasi imeandikwa neno moja: "Safi."

Juu ya shukrani tulibishana mkutano mzima. Kanuni ni kanuni, hakuna lakabu. Mwishowe nilisema kwamba katika makala hii "Fundi" si lakabu, ni uhusiano. Wakakubali. Tazama mwenyewe mwisho wa ukurasa wa kumi na moja.

Upande ule wa "mawasiliano", mahali ambapo huandikwa anwani ya mtu wa kuulizwa, tumeandika: duka la kushona, mlango wa kijani, mkabala na duka la dawa. Huenda wanafizikia wakakuandikia. Wajibu.

Upana ni mita moja na nusu. Nimepima kwa rula ya ofisi, mara tatu, nimepata tofauti mara tatu. Lakini gazeti nimelibandua. Ukuta ule una dirisha dogo juu, sikuwa nimeliona miaka yote. Mtu huwa anaanika soksi pale.

Na ile droo nimeifungua. Kulikuwa na betri mbovu na kitana. Nitakuandikia siku nyingine habari za kitana.

Mhariri


25 Aprili

Mama Mhariri,

Jarida limefika. Nilifunga duka nikaingia nalo chumba cha nyuma, nikakaa kwenye kitanda chake. Ukurasa wa tatu nimeusoma. Zile hesabu nimezipita taratibu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu asiowajua lakini anajua mmoja wao ndani. Ile pini iko kando ya jina lake, imelishika.

Kisha nikafungua ukurasa wa kumi na moja: "Namshukuru Fundi, aliyeshona mapazia yote kumi na mawili, pamoja na mapindo yake."

Alisema siku jarida likitoka tucheke wote. Nilicheka, Mama. Nilikuwa peke yangu, pazia la tisa limetulia mbele yangu, na nilicheka mpaka muuza dawa akavuka barabara kuja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akacheka na yeye. Tukakaa. Halafu akarudi kazini kwake, nami nikabaki na mapazia.

Kumi na moja nimeyashusha, nimeyafua, nimeyakunja. Mtu wa chuo kimoja ameshaandika kuomba kuyaona, nimemjibu aje. La tisa limebaki dirishani, na vifundo vyake vitatu.

Kwenye kifurushi hiki kuna pazia la kumi na tatu. Ni la upana wa mita moja na nusu, na nimeongeza kidogo kwa sababu siiamini rula ya ofisi. Nimelishona mwenyewe na halijapinda. Ukilipapasa pindo utakuta kitu, ila mimi sijakuambia.

Ukilivuta asubuhi, utukumbuke.

Fundi